Kabla hujatia sahihi: kambi ya vijana karibu na ziwa

Huenda wiki hii mwanao amekuletea barua kutoka shuleni, akitaka uitie sahihi na utoe nauli ili aende kambini Homa Bay au Migori wakati wa likizo ya Agosti. Barua inasema vijana watafunzwa kupiga hema, kufunga mafundo, kupika nje na kusoma ramani, wakifanya kazi katika makundi madogo. Wewe uliyemlea mtoto huyo Buruburu au Eastleigh unajiuliza mambo mawili: atapata faida gani, na je, atarudi akiwa mzima? Somo letu la leo linahusu swali la pili, ingawa ukilijibu vizuri utaona la kwanza nalo limejibiwa.

Mtindo wa makundi madogo si mgeni. Mwaka 1907, Baden-Powell, yule aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliwapeleka wavulana kama ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawagawa katika makundi manne, kila kundi na kiongozi wake kijana. Maskauti wanaendelea hivyo hadi leo. Sababu yake ni rahisi: mwalimu mmoja hawezi kuwachunga vijana arobaini usiku na mchana, lakini vijana sita wanaweza kuchungana wao kwa wao.

Kwa upande wa afya, hapo ndipo penye maana. Katika kundi la sita, mmoja anashughulikia maji, mwingine moto, mwingine chakula, mwingine choo na usafi, mwingine sanduku la huduma ya kwanza, na wa sita ni kiongozi. Kazi hizo hubadilishwa kila siku. Aidha, wawili wawili huulizana kila asubuhi: umelalaje, unaumwa na kichwa, umeharisha? Kijana wa miaka 14 hatamwambia mwalimu kwamba ameenda choo mara tano usiku. Yule anayelala kando yake hahitaji kuambiwa.

Chukua mfano wa mahali pa kunawia mikono. Kundi hukata vijiti viwili vyenye panda, huvichimbia chini, hulaza ufito juu yake na kufunga kwa kamba, kisha huning'iniza jerikeni ndogo iliyotobolewa karibu na mdomo. Kamba nyingine hufungwa kwenye kijiti cha kukanyaga, ili jerikeni iiname bila kushikwa na mkono. Fundo likiwa bovu, jerikeni itaanguka na kundi zima litalala bila kunawa. Hilo ni funzo la mafundo na la kipindupindu kwa pamoja. Choo nacho kichimbwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, upande wa chini wa mteremko.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa maana hapa ndipo wazazi wengi wa mjini hawajui mambo. Mtoto wa Nairobi akiliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza hutaka kuruka ndani. Mamba na viboko anaweza kuwaogopa. Asichokiona ni kijidudu cha kichocho, ambacho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu katika muda wa dakika chache tu. Maji kuonekana safi si ushahidi wowote. Kwa hiyo kambi nzuri haina ruhusa ya kuogelea ziwani, hata kama wenyeji wanaoga pale pale. Nakiri ni katazo gumu. Maji ya kuoga yachotwe na mtu mzima anayejikinga, kisha yachemshwe na kuachwa yapoe, au yahifadhiwe siku mbili kamili ndani ya pipa lenye kifuniko. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji.

Iwapo kambi iko Nyatike, Migori, kuna jambo zaidi. Huko dhahabu imechimbwa tangu enzi za mgodi wa Macalder, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuisafishia. Kuchemsha maji hakuondoi zebaki. Waulize wenye kambi maji yao yanatoka wapi, na pia kama kuna mashimo yaliyoachwa wazi karibu na njia wanazopita vijana.

Wengine watatembelea Mbuga ya Ruma katika Bonde la Lambwe kumwona korongo, swara mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki huko pekee. Bonde hilo lilijulikana zamani kwa mbung'o na ugonjwa wa malale. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma nchini. Hata hivyo mbung'o huuma, tena kupitia nguo nyepesi, na hupenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu. Mfungashie mtoto nguo nzito za kahawia.

Malaria ndiyo hatari kubwa zaidi. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ambayo mwenzake wa Ndhiwa ameijenga polepole kwa kuumwa mara nyingi. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay mwezi Septemba 2019 ni ya watoto wachanga, haimhusu kijana wako. Mpeleke kwa daktari kabla ya safari aandikiwe dawa ya kuzuia, na umeze naye shauri lote: dawa hiyo huanzwa kabla ya kuondoka na kuendelezwa baada ya kurudi. Kila mmoja awe na neti yake iliyotiwa dawa, na mwenzake ahakikishe imekunjiwa chini ya godoro.

Mtoto akirudi, usijione umeshapumzika. Dalili za malaria kwa kawaida hutokea kuanzia siku ya saba baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingi wiki ya pili, wakati amesharudi darasani na nyote mmesahau kambi. Akipata joto, kichwa kuuma au kutapika, usimpe dawa ya mafua ukangoja. Mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, na umweleze daktari waziwazi kwamba alilala Homa Bay au Migori, kwa tarehe. Kama aliingia ziwani licha ya katazo, akubali kusema bila kuchapwa, kwani kipimo cha kichocho hufanywa baadaye, wiki sita hadi nane tangu aguse maji yale.