Ngurumo Ikisikika, Weka Fimbo Chini: Mwongozo wa Gofu kwa Anayeanza, Mbalibali na Majirani Zake

Kwa nini tumeandika

Ofisi hii ya mafunzo ya gofu imepokea malalamiko ya kutosha. Wazazi wanalalamika kwamba vijana wao wanaobeba mabegi ya fimbo wanarudi nyumbani wameloa chapachapa, kwa sababu mkubwa mmoja aliyekuwa anajifunza alikataa kutoka kiwanjani akidai limebaki shimo moja tu. Wanaojifunza nao wanalalamika kwamba walimu wanawakatisha mchezo pale pale mpira ulipoanza kuwakubali. Malalamiko yote mawili tunayajibu kwa jibu moja: kuanzia vuli hii, ngurumo ikisikika, mchezo unasimama. Hatukusema ikikaribia. Tumesema ikisikika.

Tunawajua wasomaji wetu. Mtu wa Mbalibali akipewa karatasi na ofisi yoyote, kwanza huigeuza nyuma kuona kama kuna mahali pa kutia sahihi. Hapa hapapo. Tunajua pia yanayosemwa magengeni tangu shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lianze kujenga uwanja wa gofu wa mashimo 18 kule Fort Ikoma, penye ile ngome ya Wajerumani. Mambo ya ardhi na malisho yana ofisi zake. Sisi ni wa mpira na fimbo. Na anayesema gofu ni ya wenye magari tu aende kwenye viwanja vya gofu vya Arusha au Lugalo akaulize ni wachezaji wangapi wa kulipwa walioanza kwa kubeba mabegi ya wengine. Aulize pia habari za mwanamke mcheza gofu Madina Iddi, ambaye wanaume wengi wenye fimbo za bei kubwa wangefurahi kupata nusu ya utulivu wake.

Umri, ada na fomu

Aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi au mlezi. Ada na masharti mengine yameandikwa kwenye fomu ya kujiandikisha. Fomu isomwe.

Anzia shimoni

Anayeanza huja na njaa ya kupiga mbali. Anataka draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, apige mpira upotelee mawinguni na wenzake washangilie. Unapotea kweli, ila majanini. Sheria inampa dakika 3 za kuutafuta (kabla ya 2019 zilikuwa 5), na asipouona anarudi alikopigia na kuongezewa pigo moja la adhabu. Jioni, kwenye kadi, pigo lililokwenda mita 200 linahesabiwa moja, na pigo lililosukuma mpira nusu mita linahesabiwa moja vilevile. Hapo ndipo watu wanapolia.

Kwa hiyo sisi tunafundisha kuanzia mwisho. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na mdomo wa kopo la wastani la maziwa ya unga unakaribia hapo. Lifukie uani, mdomo uwe sawasawa na ardhi. Ua uliofagiliwa na ufagio wa njiti asubuhi, kabla watu hawajaukanyaga, unafaa kuliko watu wanavyodhani: mpira unabingirika vizuri, na kila kokoto linaloupindisha unaliona kwa macho. Simama hatua moja kutoka kwenye kopo. Ukiingiza mara kumi mfululizo, rudi nyuma hatua moja. Ukikosa ya tisa, unaanza tena na moja. Watoto watacheka, kuku atapita katikati, na jirani atauliza kama una shughuli nyingine. Endelea. Wiki mbili za kopo zitakupunguzia mapigo mengi kuliko draiva mpya.

Baada ya kopo yanakuja mapigo mafupi ya kuuleta mpira kwenye grini, ule uwanda wa nyasi fupi unaozunguka shimo. Uzito uegemee mguu wa mbele, viganja vitulie, fimbo iuguse mpira kwanza ndipo iguse ardhi. Wengi hawaamini kwamba mpira utapanda wenyewe, wakati uso wa fimbo umelazwa makusudi ili uupandishe. Asiyeamini hujaribu kuuchota kama anayechota uji. Matokeo yake anaupiga kichwani, nao unakimbia chini kama panya aliyefumaniwa ghalani.

Namna ya kushika fimbo tumeifundisha kwa maneno mengi bila mafanikio, hadi mwalimu mmoja alipokuja darasani na jembe. Alimpa mwanafunzi, mkulima wa miaka mingi, akamwambia akate udongo mara mbili. Mikono yake ilikaa kwenye mpini imelegea, vidole vikizunguka bila kukaba, kwa sababu anayekaba mpini wa jembe hupata malengelenge kabla ya saa nne asubuhi. Kisha mwalimu akamnyang'anya jembe na kumpa fimbo namba 7. Mikono ileile ikakaza ghafla, mishipa ikasimama hadi viwikoni, utadhani ameshika nyoka asiyetaka amponyoke. Mwalimu hakusema kitu. Alimrudishia jembe, kisha fimbo, kisha jembe, mpaka mikono ikajifunza yenyewe.

Tofauti ipo, lakini. Jembe hushushwa kwa nguvu ya mikono. Fimbo ya gofu huzungushwa na mwili: mabega yageuke, kiuno kifuate, uzito uhame kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, na mikono ije mwishoni kama abiria. Anayetumia mikono peke yake atachoka kwenye shimo la nne.

Sheria inaruhusu fimbo 14 kwenye begi. Anayeanza zinamtosha tano, na draiva isiwe miongoni mwake. Kuhusu handikapu, yaani mapigo unayopunguziwa ili uweze kushindana na aliyekuzidi, mfumo wa dunia ulioanza 2020 unamruhusu mtu kufika 54. Hiyo ni mapigo matatu ya ziada kwa kila shimo. Hakuna wa kukucheka kwa kuanzia hapo.

Kabla ya kuzungusha fimbo, tazama nyuma yako. Mpira ukielekea kwa watu, piga kelele ya "Foo!" kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Mpira wa gofu una gramu 45 na zaidi kidogo, na ukimpata mtu kichwani hautakuwa na cha kujieleza.

Radi

Sasa tumefika tulikokuwa tunakwenda.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi Afrika. Usiku ngurumo hujaa ziwani; mchana jua likishapasha ardhi moto, mawingu hujijenga nchi kavu, na kwetu hilo mara nyingi hutokea alasiri, wakati wa vuli na wakati wa masika. Ndiyo maana mazoezi yetu ni ya asubuhi. Aliyetuandikia kwamba asubuhi ana ng'ombe wa kukamua tunamhurumia, lakini ratiba haibadiliki. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujatoka nyumbani.

Mwanga wa radi hufika machoni papo hapo, sauti hutembea taratibu: kilomita moja kwa takribani sekunde 3. Ukiona mwanga ukahesabu hadi 30 ndipo ikanguruma, radi iko kilomita 10 hivi kutoka uliposimama, na umbali huo haukufichi. Radi inaweza kutoka kwenye wingu lililo mbali hivyo na kupiga mahali ambapo mvua haijadondosha hata tone, juu kukiwa bado kweupe. Kwa hiyo usituambie mvua haijafika. Mvua hatukuiuliza.

Mcheza gofu anajiweka pabaya mwenyewe. Yuko uwandani, hakuna kirefu kuliko yeye, na ameinua chuma juu ya kichwa. Anayesema fimbo yake ni ya kaboni ajue kaboni nayo hupitisha umeme. Na raba za miguuni hazizuii chochote: umeme uliokwisha kuvuka kilomita kadhaa za hewa hautashindwa na soli ya sentimita mbili.

Kinachoua wengi ni mti. Wafugaji wa hapa hawahitaji mhadhara, kwa sababu wengi wamewahi kuona au kusikia ng'ombe kadhaa waliokufa pamoja chini ya mti mmoja. Radi ikipiga mti, umeme hushuka na kutawanyika ardhini, nguvu yake ikipungua kadiri unavyotoka kwenye shina. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma, imeachana mbali. Umeme huingia kwa mmoja na kutokea kwa mwingine, ukipita moyoni. Na wewe ukisimama umetanua miguu, umejiweka kama yeye.

Kuna wanaosema radi hutumwa. Ofisi hii haina mamlaka ya kuchunguza nani kamtumia nani. Tunachosema ni kwamba aliyetumiwa, akiwa ndani ya gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa, ana usalama kuliko asiye na adui duniani aliyesimama chini ya mgunga.

Wala msidhani ni tatizo la wanaoanza tu. Mwaka 1975, karibu na Chicago, Lee Trevino, bingwa aliyekwisha kutwaa mataji makubwa ya dunia, alipigwa na radi akiwa kwenye mashindano, akaumia mgongo hadi kufanyiwa upasuaji. Mwaka 1991, kwenye US Open kule Minnesota, watazamaji walikimbilia chini ya mti wakati wa dhoruba, na mmoja wao hakutoka hai. Karibu zaidi na nyumbani, tarehe 27 Januari 2025, wilayani Bukombe mkoani Geita, radi iliua wanafunzi 7 wa sekondari ya Businda wakiwa shuleni. Tunawataja hao kwa heshima, na kwa sababu wapo wanaoamini kwamba bati juu ya kichwa linatosha. Halitoshi.

Mahali pa kukimbilia ni jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, bora zaidi likiwa na mtego wa radi, au gari lililofungwa. Ndani ya jengo, kaa mbali na mabomba, madirisha na chochote kilichochomekwa ukutani. Kibanda cha nguzo nne si jengo, nyumba ya nyasi haizuii radi, na bodaboda si gari. Mwavuli utupe.

Tuliwahi kumkuta mwanafunzi wetu chini ya mti, begi la fimbo mgongoni, mwavuli umefunguliwa, simu sikioni, akimweleza mkewe kwamba yuko salama. Mwalimu alimwita. Alijibu kwamba atakuja mvua ikipungua. Hakupatwa na lolote siku ile, na kwa bahati mbaya hilo ndilo alilojifunza.

Ukikutwa uwandani na pa kukimbilia hapafikiki, weka begi mbali na wewe. Wenzako wasikae kundi; achaneni, ili mmoja akipatwa wengine wabaki wa kumsaidia. Chuchumaa miguu ikiwa pamoja, kichwa chini. Usilale. Hili halikufanyi salama, linapunguza hatari tu, nasi tunaliandika shingo upande kwa sababu tunajua kuna watakaolifanya kisingizio cha kuchelewa kuondoka.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Anashikika. Tunarudia kwa herufi zote: anashikika. Watu wanakufa huku wenzao wamewazunguka wakiogopa kuwagusa au wakisubiri mganga. Wengi wanaopigwa na radi hawafi, na wengi wa wanaokufa ni wale ambao moyo ulisimama na hakuna aliyeuamsha. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mtu mwingine akitafuta usafiri wa hospitali.

Mambo haya tumeyaandika pia kwenye mabango. Mabango ni mazuri, tunasema wenyewe, rangi zake zinaonekana kutoka mbali. Tunaomba yasigeuzwe milango ya mabanda ya kuku.

King'ora

Mlio mmoja mrefu wa king'ora maana yake simama hapo hapo. Kama ulikwisha kuinua fimbo, ishushe. Kwenye mashindano, anayepiga baada ya mlio huo anaondolewa, na hatutasikiliza habari za mpira uliokuwa umebaki hatua mbili na shimo. Milio mitatu mifupi ni kusimama kwa sababu nyingine, kama giza, na hapo mnaruhusiwa kumalizia shimo mlilolianza. Milio miwili mifupi ni kurudi mchezoni.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba huhitaji kusubiri king'ora. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji anayeona kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari ya radi asimame mwenyewe, mradi aijulishe kamati mapema iwezekanavyo. Ruhusa hiyo anayo hata anayeanza, na mbeba begi akisema anaondoka, muache aondoke. Ujira wake wa siku unabaki palepale.

Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma ya ishirini na tisa, unaanza upya. Kuhusu mpira wako, unaweza kuuacha ulipo, au kuweka alama na kuuokota ukitaka. Ukirudi ukakuta maji yameusogeza, urudishe mahali ulipokuwa, bila adhabu.