Dondoo muhimu: Mabaki ya faili na maktaba za zamani katika Debian

Vifurushi vya Debian vinaposasishwa, maktaba ya zamani, yaani faili ya msimbo inayotumiwa kwa pamoja na programu nyingi, huondolewa kwenye diski, ilhali huduma zilizokwisha kuipakia huendelea kuitumia kutoka kwenye kumbukumbu, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko mabaki mengine yote. Udhaifu wa Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, uliotangazwa Aprili 2014, ulilidhihirisha jambo hilo, kwa kuwa seva iliyopata OpenSSL mpya bila huduma zake kuanzishwa upya ilibaki wazi kama awali. Programu ya needrestart huzitaja huduma za namna hiyo.

Vifurushi tegemezi visivyohitajiwa tena huondolewa kwa amri ya apt autoremove, lakini orodha yake yapasa isomwe yote kabla ya kukubaliwa, kwani mfumo hauzitambui programu zilizojengwa kwa mkono ambazo huenda bado zinavitegemea.

Ndani ya /etc, faili inayoishia na .dpkg-dist ni mipangilio mipya iliyokataliwa wakati wa usasishaji, na ile ya .dpkg-old ni ya awali iliyobadilishwa. Zote zilinganishwe kwa diff kabla ya kufutwa. Maktaba inayomilikiwa na kifurushi isifutwe kamwe kwa rm.