Mapadre Weupe: Mgeni, Vazi na Lugha



Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba Mapadre Weupe waliitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya ngozi. Sivyo. Jina lilitokana na vazi. Shirika lao, Wamisionari wa Afrika, lilianzishwa mwaka 1868 huko Algeria na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, Mfaransa. Aliwaagiza waishi kama watu waliowaendea: wavae kama wao, wale chakula chao, waseme lugha yao. Ndiyo maana walivaa kanzu nyeupe na joho kama wenyeji wa Algeria, na rozari shingoni.

1. Vazi ni ishara

Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza uliondoka pwani yetu kuelekea Tabora na maziwa makuu. Vazi lililokuwa la kienyeji Algeria, Unyamwezi lilikuwa la kigeni. Tena huko kanzu ilijulikana kwa wafanyabiashara wa pwani, ambao baadhi yao waliuza watumwa, biashara ambayo Lavigerie mwenyewe aliipiga vita hadharani Ulaya mwaka 1888. Tunajifunza kwamba nia njema peke yake haitoshi. Anayevaa huchagua vazi, lakini anayemtazama ndiye hulisoma.

2. Lugha hudai zaidi

Kanzu huvaliwa kwa dakika moja. Lugha hudai miaka, na hudai unyenyekevu: msomi mzima akubali kuchekwa na kusahihishwa na mtoto. Padre Simeon Lourdel alifika Buganda mwaka 1879, akajifunza Kiganda. Waganda nao walilichukua neno la Kifaransa la kumwita padre, wakalitamka kwa ulimi wao: Mapera. Hivyo mgeni alipokea lugha ya wenyeji, na wenyeji wakampa jina. Hapo ndipo ugeni huanza kwisha.

3. Na sisi?

Hapa Ilomba Kiswahili kinatosha sokoni na kanisani. Lakini frateri akipelekwa kwa bibi mgonjwa kule Rungwe, salamu ya "Mugonile" hufungua mlango ambao hotuba nzuri ya Kiswahili huuacha umefungwa. Sisi nasi ni wageni ndani ya nchi yetu. Kuvaa mgolole siku ya sikukuu na kupiga picha ni rahisi, kukaa jikoni jioni tukiuliza "hiki mnakiitaje?" ni kazi.

Mtume Paulo alijifanya yote kwa watu wote (rej. 1Kor 9:19-23). Na kabla yake, Neno mwenyewe alitwaa mwili (rej. Yn 1:14), akasema kwa lafudhi ya Galilaya. Hakuja kututembelea tu, alikaa kwetu.

Maswali ya tafakari

1. Katika parokia yako, ni nani asiyesikilizwa kwa sababu Kiswahili chake ni kidogo?
2. Je, unajua kumsalimia kwa lugha yake? Kama hujui, utamwomba nani akufundishe wiki hii?