Kitabu cha zamani cha ndege: hesabu picha kabla ya kuhesabu miaka

Mtu wa Bunia akishika kitabu cha ndege kilichochapwa enzi za Wabelgiji, kwanza hutafuta mwaka. Mimi nashauri mwaka usubiri. Kitabu cha picha hununuliwa kwa ajili ya picha zake, na kikikosa ukurasa mmoja wa rangi, uzee wake hauwezi kuziba pengo hilo. Kwa hiyo naanzia kwenye orodha ya picha, kisha nafunua ukurasa mmoja mmoja hadi mwisho, nikiangalia hasa karibu na mshono, maana wembe wa mkata picha huacha kisiki chembamba cha karatasi. Kazi yenye majuzuu kadhaa huulizwa swali hilohilo. Kitabu cha Frederick Jackson kuhusu ndege wa Kenya na Uganda, kilichokamilishwa na W. L. Sclater baada ya kifo cha Jackson, kilitoka mwaka 1938 kwa majuzuu matatu. Anayeuza juzuu moja asitarajie theluthi ya bei ya seti, kwa sababu wanaotafuta juzuu moja tu ni wachache.

Picha zikitimia, ndipo nauliza zilichapwaje. Lenzi ya kukuzia inatosha: ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kwa utaratibu, rangi hiyo ni ya mashine. Rangi ya brashi haina vitone hivyo, na mara nyingine huvuka kidogo mstari wa mchoro. Kazi ya G. E. Shelley kuhusu ndege wa Afrika, iliyoanza kutoka mwaka 1896, ina picha zilizotiwa rangi kwa mkono, na hilo huipandisha bei sana. Vitabu vingi vya Kongo ni vya baadaye, vya mashine, navyo hupimwa zaidi kwa hali yake: kuvu, madoa ya kahawia, njia za mchwa, jalada lililoachana na mshono.

Mwaka ukifutika, ndege wenyewe husaidia. Mtaalamu wa ndege James Chapin alipata unyoya asioutambua mwaka 1913 huko Avakubi, kwenye mto Ituri, ukiwa umepamba kofia ya mwenyeji. Mwaka 1936 aliona kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya wa namna hiyo, na mwaka huohuo akamtangaza tausi wa Kongo kwa jina la kisayansi Afropavo congensis. Kitabu chenye jina hilo hakiwezi kuwa kimechapwa kabla ya hapo. Jina la nchi nalo linasema: “Zaire” kwenye jalada ni kati ya 1971 na 1997.

Wengine watasema haya yote ni usumbufu, kwani intaneti inaonyesha bei. Inaonyesha bei inayoombwa, na muuzaji anaweza kuomba miaka kumi bila kulipwa. Mimi hutafuta matokeo ya minada, tena ya toleo lilelile na hali ileile. Kuna hoja yenye uzito zaidi: kazi kubwa ya Chapin kuhusu ndege wa Kongo, iliyotoka kwa sehemu nne kati ya 1932 na 1954, inasomeka bure mtandaoni, basi karatasi ya nini? Ni kweli, anayetaka habari tu hatalipa sana. Lakini nakala inaweza kubeba maandishi ya penseli ya mtu aliyeitumia Epulu au Mahagi, akiandika ndege gani alimwona wapi na lini. Ushahidi huo haupo kwenye nakala ya mtandaoni, kwa hiyo kamwe usiufute. Wapo pia wanaosema picha zikikatwa na kuuzwa moja moja huleta dola haraka. Pengine huleta, ila kitabu kilichokatwa hakirudi tena kuwa kizima, na picha bila maelezo yake hubaki pambo la ukuta.

Kabla ya kutaja bei, natafuta mihuri. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Nioka, hapa Ituri, na kituo cha utafiti wa sayansi cha Lwiro, Kivu, vilitumia vitabu vya sayansi. Muhuri wa taasisi kama hizo unaongeza historia, na pia unazua swali la mwenye mali. Pasipo alama kwamba kitabu kiliondolewa rasmi kwenye maktaba, mimi siandiki bei yoyote hadi taasisi yenyewe iulizwe na ijibu.