Dondoo muhimu: Maabara ya kupanga na kupangua

Kabla ya kununua samani, anza na vibao. Mbinu ya kufundisha fizikia iliyoasisiwa Arizona, Marekani, na mwalimu wa sekondari Malcolm Wells pamoja na Profesa David Hestenes huvitegemea sana: bamba jeupe la futi 4 kwa 8 hukatwa vipande sita, kila kundi likachora grafu yake na kuitetea mbele ya wenzao. Hapo ndipo mjadala wa kweli huzaliwa.

Kisha panga chumba chenyewe: sinki, gesi na umeme vibaki kandokando ya kuta.

Katikati, weka meza nyepesi za wanafunzi watatu watatu, zenye magurudumu ya breki na kimo kimoja ili ziunganike. Njia ya mlangoni isizibwe kamwe, hata darasa likifurika.