Vijidudu Navyo Vina Maradhi Yao

Mtu wa Sultan Hamud ateremkaye Mombasa kwa gari au kwa reli huona bahari nzuri ya kutazamwa. Lakini akifika Mikindani, mahali ambapo maji machafu ya majumbani hushuka kati ya mikoko hadi Hori ya Tudor, pua yake itampa habari nyingine. Maji hayo yana bakteria wengi mno, na baadhi yao wametoka katika matumbo ya watu. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba bakteria nao huugua, wakauawa na virusi vilivyo vidogo kuliko wao.

Virusi hivyo huitwa faji. Neno hilo si la asili yetu, wala sikupata lililo bora. Maana yake ni mlaji, ingawa kwa kweli faji haili kitu. Ni ndogo ajabu: zikipangwa yapata 10,000 ndipo zinatimiza milimita moja. Faji hujibandika juu ya bakteria kama kupe juu ya ng'ombe, ikamtia ndani urithi wake, na tangu hapo bakteria huacha kazi zake mwenyewe akawa kiwanda cha kutengeneza faji. Mara nyingi hata saa moja haijatimia hupasuka, zikatoka faji mpya makumi au mamia. Kila faji ina bakteria wake. Ile ya kipindupindu haimgusi mwanadamu. Penye uchafu bakteria huzidi, na faji huzidi nao, maana mwindaji hufuata mawindo.

Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin, aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika kwamba maji ya mito Ganges na Jumna huua vijidudu vya kipindupindu, walakini yakichemshwa nguvu hiyo hupotea. Hakuijua sababu. Jina la faji lilitolewa mwaka 1917 na Félix d'Hérelle huko Paris. Kwetu Kenya, ambako kipindupindu kilifika mwaka 1971, wataalamu walizitafuta faji zake katika maji ya eneo la Ziwa Victoria, wakazipata, na habari zake zikachapishwa mwaka 2014.

Msomaji asiharakishe kufurahi. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani walionyesha kwamba sumu ya kipindupindu, ile imkaushayo mgonjwa maji yote mwilini, imo katika urithi wa faji moja. Faji hiyo haimuui bakteria. Huingia ikakaa naye, na bakteria asiyekuwa na sumu hiyo akaipata. Kwa hiyo katika maji yale yale yuko anayemuua adui yetu, na yuko anayempa silaha.

Basi mtu asiseme kwamba maji aliyoyachota katika mchanga wa mto yana faji za kumlinda. Kitambaa cha kuchujia huzuia takataka na wadudu wakubwa, bali bakteria aliye peke yake hupita, na faji hupita zaidi. Sufuria ikitokota huua vyote viwili, nayo ndiyo iliyoondoa nguvu katika maji ya Hankin.