SOMO LA UFUGAJI: KUATAMISHA MAYAI AU KUNUNUA VIFARANGA?

Chama cha msingi kinapoazimia kuanzisha mradi wa kuku, jambo la kwanza linaloligawa baraza la wanachama ni mahali pa kupata vifaranga. Baadhi husema kuku wa kienyeji wamo katika kila nyumba na mayai yao hayahitaji fedha ya mfuko. Wengine hujibu kwamba boksi moja la vifaranga 100 kutoka kituo cha kutotolesha humaliza kazi kwa siku moja. Wote husema kweli, ila hesabu zao hukomea njiani: mmoja huhesabu mayai, mwingine huhesabu vifaranga wa siku moja. Kinachouzwa sokoni ni kuku aliyekua, na kwa hiyo hesabu ya chama haina budi kufanywa kwa vifaranga walio hai baada ya majuma manane.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia kwa siku 21. Huyageuza mayai mwenyewe na kuyapa joto bila umeme wala mafuta ya taa. Hata hivyo kazi yake si ya bure. Katika siku hizo 21 hatagi, na akiachwa na watoto wake huwalea kwa majuma manane au zaidi, na muda huo pia hatagi. Gharama ya vifaranga wake, basi, ni mayai ambayo yangepatikana katika muda wa karibu miezi mitatu, pamoja na yale aliyowekewa ambayo yangeuzwa. Katibu asiyeyaandika haya daftarini atawadanganya wanachama bila kukusudia.

Hasara kubwa zaidi huja baada ya kuangua. Mama anayezunguka uani na vifaranga tangu siku ya pili hukutana na mwewe, kunguru, nguchiro na umande wa asubuhi, na mara nyingi hubakiwa na nusu ya watoto au pungufu. Mkosi huo hulaumiwa kwa kuku, hali kosa ni la mfugaji. Mama na watoto wakifungiwa kwa majuma manne ndani ya tenga au kibanda chenye wavu, wakapewa maji safi na pumba iliyochanganywa na dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti au mchwa, wengi zaidi hupona.

Mayai ya kuatamisha huchaguliwa kutoka kwa mitetea wanaoishi na jogoo. Jogoo mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10. Yai la dukani lililotagwa na kuku asiye na jogoo halitatotoa hata likiatamiwa mwezi mzima. Mayai yasikae zaidi ya siku 7. Yawekwe mahali pa baridi, ncha nyembamba ikielekea chini, wala yasioshwe. Siku ya saba yamulikwe gizani kwa tochi, na yale yasiyoonyesha mishipa ya damu yaondolewe.

Ushirika una faida yake hasa katika jambo hili la kuatamisha. Kuku wa kwanza kuatamia huachiwa mayai mawili matatu yasiyo na thamani mpaka wenzake wa nyumba jirani nao waanze; kisha wote huwekewa mayai mapya usiku mmoja. Vifaranga huanguliwa pamoja, na hivyo huchanjwa pamoja. Chupa moja ya chanjo ya mdondo hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haihifadhiwi kwa ajili ya mwezi ujao. Mwanachama mmoja mwenye vifaranga tisa huiona ghali. Wanachama kumi wakichangia ni fedha kidogo. Chanjo ya I-2, ambayo huvumilia joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuvumilia joto si ruhusa ya kuiacha juani.

Vifaranga wa kununua, kama vile chotara, hukua upesi na kufikia uzito wa soko mapema. Husafirishwa kwa basi kwa sababu kiini cha yai kilichobaki tumboni huwalisha kwa siku mbili hivi. Wakichelewa kupita hapo hufika wamelegea. Juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, nalo hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila juma. Wakijisonga mahali pamoja wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, joto limezidi. Jiko la mkaa likizimika saa nane za usiku, mlinzi akiwa amelala, boksi zima laweza kupotea kabla ya alfajiri. Jambo jingine lielezwe mapema: watoto wa chotara hawarithi sifa zote za wazazi wao, na kwa hiyo chama kitalazimika kununua tena kila awamu.

Iwapo vifaranga vitanunuliwa kwa fedha ya mfuko na kugawiwa wanachama, mkutano uamue kabla ya boksi kufika ni nani atakayebeba hasara ya watakaokufa, na uamuzi huo uandikwe katika muhtasari. Ugomvi mwingi wa miradi ya namna hii hauletwi na mdondo, huletwa na deni ambalo kila mmoja anadai si lake.

Chama chenye fedha kidogo chaweza kuzichanganya njia hizi mbili. Kuku aliyeatamia kwa majuma mawili au zaidi hukubali vifaranga wa kununua wa siku moja. Kazi hii hufanywa usiku, bila taa kali: mayai huondolewa moja moja, na kifaranga huwekwa mahali pake chini ya bawa, wasizidi 15 kwa kuku mmoja. Alfajiri mfugaji aende kutazama. Kuku akiita watoto wachakure, amewapokea. Akiwadonoa, waondolewe mara moja na kupelekwa kwa kuku mwingine au kwenye joto la jiko, ambalo lafaa liwe limewashwa tangu jioni.